Mpaka Uliofutwa Ndio Uliotuvusha

Asubuhi ile nilikuwa nachora mpaka ambao serikali ilikwisha kuufuta.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, katika ofisi ya mipango ya wilaya moja ya jimbo la Zambezia, Msumbiji. Jina la mji sitalitaja, kwa kuwa watu wake bado wanaishi jirani na wale waliowafukuza. Mvua zilikuwa zimeanza. Nje ya dirisha wanawake walianika mihogo, wakaiingiza ndani, wakaitoa tena, kila wingu lilivyoamua. Mimi niliinamia meza, kalamu ya wino mkononi, nikivuta mstari mwembamba kuanzia kona ya mashariki ya wilaya hadi mpaka wa Malawi.

Abilio, mkuu wangu wa kazi, alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai isiyo na sukari.

"Bwana Tanzania, huo mstari ni wa nini?"

"Ni mpaka wa zamani wa Mreno."

"Tuliufuta."

"Mliufuta kwenye karatasi. Vilima havijapata habari."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Abilio alikuwa Mlomwe, mtu wa hapohapo Zambezia, lakini Kiswahili alikipata ujanani, kambini kusini mwa Tanzania, wakati wa vita vyao vya uhuru. Alikuwa mtu wa chama na aliamini kila alichokisema.

"Huko Babati kwenu mnafundishwa kubishana na wakubwa?"

"Babati tunafundishwa kazi. Kubishana tunazaliwa nako."

Niseme mimi ni nani, maana nikinyamaza watu watasimulia vibaya. Nilizaliwa Nangara, nyumba ya tope na nyasi, mtoto wa mkulima aliyeshuka kutoka Mbulu akitafuta shamba. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala padri aliyeniombea nafasi. Nilinunua kambare na perege kwa wavuvi wa Ziwa Babati, nikawauza sokoni kwa baiskeli, na kwa harufu hiyo ya samaki nikajisomesha hadi nikapata diploma ya upimaji ardhi. Watu walisema diploma ya kuchora mistari haitanilisha. Miaka ya shida ilipofika, sukari kwa foleni na sabuni kwa kujuana, Msumbiji walitangaza kuwa wanatafuta mafundi. Nilifunga begi. Waliocheka walibaki kwenye foleni.

Wengine watasema najisifu. Ningekuwa sina cha kujisifia ningenyamaza.

Mipaka niliijua kabla ya diploma. Nyumba ya baba yangu ilikuwa wilaya ya Mbulu nilipozaliwa. Nilipofika shule ya msingi, nyumba ileile, mlango uleule, ilikuwa wilaya ya Hanang. Baba alisema, "Wamenihamisha nikiwa nimekaa." Kwa hiyo nilipokuta Msumbiji nchi iliyogawanywa upya, sikushangaa. Mreno alikuwa ameigawa katika maeneo makubwa ya utawala, chini yake vituo vidogo walivyoviita posto, na chini ya posto eneo la kila chifu, aliyeitwa mwene. Uhuru ulipokuja, machifu wakavuliwa madaraka, wilaya zikapangwa upya, watu wakaambiwa wahamie vijiji vya pamoja, kama sisi tulivyofanywa wakati wa vijiji vya ujamaa. Ramani mpya ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuisafisha.

Lakini mpaka ule mmoja nilikataa kuutupa, kwa sababu ulikuwa umepimwa na mtu aliyejua kazi. Haukufuata barabara wala mto. Ulifuata mgongo wa nchi, pale ambapo mvua ikinyesha, maji ya upande huu yanakwenda mto huu na ya upande ule yanakwenda mto ule. Juu ya mgongo huo mpimaji wa Kireno alikuwa amesimika bikoni za zege, fupi, zenye kichwa cha mraba, moja ikionana na nyingine. Na kwa kuwa maji yote huanzia pale na kushuka, mtu anayetembea juu ya mpaka ule havuki mto hata mmoja.

Nilipowapeleka vijana wa kazi kuzitafuta bikoni zile, niliwafundisha sheria moja tu. Mguu ukilowa, umetoka kwenye mpaka, rudi juu. Nao wakaongeza mtindo wao: wa kwanza kufika kwenye bikoni aliipiga kichwani kwa kiganja, kisha akanyoosha mkono kuelekea inayofuata. Abilio alipokuja kutukagua alipiga bikoni moja kwa nguvu akajiumiza.

"Hata jiwe la mkoloni lina kiburi," alisema, akipuliza kiganja.

Kitu kingine nilichokigundua kule juu ni kwamba hapakuwa na watu. Ardhi nzuri, majani mengi, na hakuna hata kibanda. Mama mkwe wangu ndiye aliyenieleza. Enzi za kodi, aliyekaa karibu na mpaka alidaiwa na machifu wa pande zote mbili. Watu wakahama, wakauacha mpaka peke yake, na hata kodi ilipokwisha hakuna aliyerudi. Kwa watoto wao ilikuwa tu sehemu ambayo watu hawakai.

Siku ile ya wino mke wangu, Delfina, aliniletea chakula ofisini saa sita. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mimba pevu, tumbo limeshuka tayari. Aliweka sufuria juu ya jiwe la kuzuia ramani zisipeperuke.

"Baba wa asiyezaliwa, kula. Ramani haikimbii."

Mlio wa kwanza wa bunduki ulitoka upande wa mashamba ya chai. Tulidhani ni gari. Mlio wa pili hatukudhani kitu.

Watu walikimbilia barabara ya kusini, iendayo mji mkuu wa jimbo. Ndivyo mtu anavyofanya. Barabara ni barabara. Nusu saa baadaye wa kwanza walirudi wakikimbia zaidi ya walivyoondoka. Daraja halikuwepo. Mto umefurika. Na waasi waliokuwa wakipigana na serikali walikuwa wakiwangoja pale pale walipojua watu watakwama.

Moshi ulianza sokoni.

Tuliokuwa tumebaki tulijikusanya nyuma ya ghala la pamba: walimu, wauguzi wawili, wakulima waliokuwa wamekuja kuuza, wanawake na watoto. Amelia, mke wa Abilio, alikuwa na watoto wao wawili. Mama mkwe wangu alikuwa ameshika sufuria ya Delfina kana kwamba chakula kingeendelea. Delfina alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka mbele yake, akinitazama. Nilijua anachouliza: mtoto huyu atazaliwa wapi?

"Tunakwenda Malawi," nilisema.

"Kwa barabara gani?" Abilio aliuliza.

"Kwa mpaka."

"Mpaka si njia."

"Leo ni njia. Mito yote imejaa, na huu hauvuki mto. Vijiji vyote vina waasi wanaotafuta chakula, na huu hauna kijiji. Barabara wanazijua. Huu wewe mwenyewe uliufuta, watauonea wapi?"

Abilio alifunga kamba za viatu.

"Ukitupoteza," alisema, "nitakufia mikononi ili unibebe mpaka Babati kwenu."

"Babati ni mbali. Tembea."

Tulipanda.

Sikuchukua kitu isipokuwa ramani yangu, niliyoikunja chini ya shati. Wino ulikuwa haujakauka vizuri. Baadaye niliukuta mstari wote umejichapa tumboni kwangu.

Bikoni ya kwanza niliipata kabla ya jioni, ya pili pia. Niliipiga kwa kiganja, nikanyoosha mkono. Watu nyuma yangu wakaanza kufanya vivyo hivyo bila kuambiwa, mmoja baada ya mwingine, hadi vikongwe. Hakuna aliyesema kwa sauti. Kiganja, mkono, mbele. Nadhani ndicho kilichowapa moyo, kugusa kitu ambacho hakikimbii.

Siku ya pili ukungu ulishuka.

Mgongo ulikuwa umetandazika, mpana kama uwanja wa mpira. Bikoni sikuiona. Mbele ni sawa na nyuma, kulia ni sawa na kushoto. Upande mmoja chini tulisikia jogoo, na watu wenye njaa wakaanza kuvutika kuelekea kule bila hata kujua.

"Kuna kijiji," mmoja alisema.

"Kwa hiyo kuna waasi," nilimjibu.

"Basi tuambie mpaka uko wapi."

Mvua ilianza tena, nikapiga magoti. Watu walidhani nasali, na wachache wakavua kofia. Nilikuwa naangalia maji. Vijito vyembamba kama uzi vilikuwa vinajichora kwenye udongo, vyote vikielekea kushoto. Nikasogea kulia hatua chache, nikapiga magoti tena. Kushoto. Nikasogea tena. Hapo uzi mmoja ukaenda kushoto na mwenzake ukaenda kulia.

Nilisimama. "Mpaka uko hapa."

Tulitembea hivyo asubuhi yote, mimi nikipiga magoti na kuinuka, matope hadi mapajani, na diploma yangu haijawahi kufanya kazi nzuri zaidi ya siku ile. Ukungu ulipoinuka bikoni ilikuwa mbele yangu, karibu niigonge kwa goti. Abilio aliipiga kwa kiganja. Kisha akanipiga mimi kichwani kwa kiganja kilekile, kama bikoni.

Kule nyuma mtu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ghalani.

Mchana wa siku hiyo walipita chini yetu.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wanaimba.

Tulilala kwenye majani. Mtoto wa Amelia alitaka kukohoa. Mama yake alimfunika mdomo kwa titi ingawa alishaacha kunyonya.

Niliona kofia, niliona bunduki, niliona mbuzi wawili wakivutwa kwa kamba. Walikuwa wanafuata njia ya bonde, kando ya mto. Hakuna aliyeinua kichwa. Kwa nini ainue? Kule juu watu hawakai.

Wimbo ulipungua.

Ukaisha.

Delfina alinishika kifundo cha mguu na hakukiachia mpaka niliposema tuinuke.

Kwenye bikoni iliyofuata mgongo ulitoa tawi la kuelekea kaskazini, na kutoka pale mtu aliona bonde jingine, kubwa, lenye mashamba. Abilio alisimama pale akitazama chini. Alipiga bikoni, lakini mkono wake haukunyooka mbele.

"Dada yangu anakaa kule," alisema.

"Najua. Mungu atamsaidia. Twende."

"Nashuka kuwachukua watoto."

Nilidhani amechoka akili. Nilimwonyesha Amelia na wale wawili waliokuwa wamejificha kwenye kanga yake. "Watoto wako ni hawa, Abilio."

"Hao ni watoto wa Amelia. Wana mjomba wao, yuko Malawi, atawapokea. Wangu ni wale wa chini."

Kwetu, mtu wa Mbulu angesema maneno hayo ndugu zake wangemfunga kamba. Baba ni baba. Nilimgeukia Amelia nikitegemea kilio. Amelia alikuwa anafungua kitambaa alichofunga mhogo mkavu, akagawa nusu, akampa mumewe.

"Anasema kweli," aliniambia. "Dada yake ana nani mwingine?"

Hapo ndipo nilipojua kuwa nilikuwa nimeishi miaka mitatu kwa Walomwe, nimeoa kwao, nimechora kila kilima chao, na mpaka ule mmoja unaopita katikati ya nyumba sikuwahi kuuona. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume anadaiwa na dada yake kwanza. Wao waliujua tangu kuzaliwa. Haukuhitaji bikoni.

"Nitakukuta Malawi," Abilio alisema. "Na nikichelewa nitakukuta Babati. Nimelisikia hilo jina mara nyingi kuliko jina la mama yangu."

"Unakumbuka sheria?"

"Mguu ukilowa, nirudi juu." Akaangalia bonde. "Sasa nakwenda kuulowesha. Usinipige faini."

Alishuka haraka, kama mtu anayekwenda dukani. Sikumwona tena.

Bikoni ya mwisho ilikuwa imesimama kwenye mpaka wa nchi, na mwenzake, bikoni ya Mwingereza ya upande wa Malawi, imesimama karibu nayo, ndefu kidogo. Sikuipiga. Niliikumbatia. Nyuma yangu watu walipita wakiigusa kwa zamu: wauguzi, walimu, wakulima, vikongwe, mama mkwe wangu na sufuria yake. Wote walioanza na mimi ghalani na kunifuata hadi mwisho walivuka wakiwa hai, na hakuna aliyevuka mto. Niandike tena, maana sijawahi kuchoka kulisema: wote. Majeshi yalikuwa na barabara, magari na redio. Mimi nilikuwa na mstari wa wino.

Rosa, binti yetu wa kwanza, alizaliwa Malawi katika zahanati ya misheni, mvua mbili au tatu tu zikiwa zimenyesha tangu tufike. Muuguzi aliyempokea ni mmoja wa wale tuliotembea nao.

Nilipofika Babati na mke na mtoto mgongoni, baba alikuwa anapalilia mbaazi. Hakuliacha jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Mke wangu, Delfina. Na huyu ni Rosa, mjukuu wako."

Aliwatazama kwa makini, akaridhika. "Karibuni Babati."

"Karibuni Hanang," nilimsahihisha kwa mzaha, kama zamani.

"Wewe umechelewa," baba alisema. "Hanang wameipeleka ofisi yake Katesh. Sisi sasa ni wilaya ya Babati. Wamenihamisha tena, na jembe hili hili mkononi."

Tangu hapo nimepima sehemu kubwa ya mji huu. Viwanja vya Nangara, mashamba ya Singe yaliyogeuka makazi, uliza nani alisimika bikoni zake. Nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma pale ilipokuwa ya tope, na bati lake linaonekana kutoka barabara kuu. Wanangu wote wamesoma. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa na Babati ikawa makao makuu, niliwaambia wale wa foleni waliokuwa bado hai: mnaona sasa kazi ya kuchora mistari? Mjini wananiita Mzee Bikoni. Vijana walianza kwa dhihaka, wakaishia kwa heshima.

Lakini Abilio hakuja. Amani iliporudi Msumbiji, Delfina aliulizia kwa ndugu zake, na jibu lilikuwa lilelile: alishuka bondeni. Amelia alikuwa amerudi kwao na wanawe. Watoto wa dada yake hakuna aliyejua waliko.

Msimu mmoja wa mbaazi, wanunuzi walipojaa mjini, bodaboda alisimama mlangoni kwangu na abiria wa makamo, koti la baridi, viatu vyenye vumbi la maghala.

"Mzee Bikoni, shikamoo. Nimekuletea mgeni. Pale stendi anamuulizia Mtanzania wa mawe."

Mgeni alishuka. Kiswahili chake kilikuwa cha mfanyabiashara aliyejifunzia njiani.

"Shikamoo. Naitwa Tomasi. Mjomba wangu alikuwa Abilio."

Delfina alitoka jikoni akiwa bado ameshika mwiko.

Tulimkalisha. Alikuwa amekuja na kampuni inayonunua mbaazi, na alipoambiwa gari linakwenda Babati alidhani amesikia vibaya, kwa sababu tangu utotoni alidhani Babati ni mahali ambapo mjomba wake alipatunga.

Alisimulia polepole. Mjomba aliwafikia jioni. Mama yao alikuwa ametoka kujifungua na hakuweza kutembea. Mjomba aliwachukua Tomasi na dada yake mdogo, akawapandisha hadi juu, akawaonyesha jiwe.

"Akachukua mkono wangu akaupigisha pale juu. Akasema, utatafuta jingine kama hili, halafu jingine. Akasema, mguu ukilowa, rudi juu. Akanifanya nirudie maneno hayo mpaka nikalia. Kisha akarudi kumbeba mama na kichanga."

"Na dada yako?" Delfina aliuliza.

"Ana wajukuu sasa. Tulifika. Kuna asubuhi nilikanyaga maji, nikaogopa, nikamvuta tukarudi juu. Mama, kichanga na mjomba hawakufika."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, na mchi ulisikika vizuri sana.

Nimepima hasara ile kwa vipimo vyote ninavyovijua. Abilio alikuwa upande wetu wa usalama, ana mke na watoto wawili na njia iliyonyooka hadi Malawi. Akashuka. Aliwapata wawili, akawatoa. Alimrudia dada yake na kichanga, akabaki nao. Kwa hesabu ya kwetu aliiacha familia yake. Kwa hesabu ya kwao hakuacha hata mmoja. Zamani ningekwambia ipi ni sahihi. Sasa najua tu kwamba mstari niliouchora mimi alikuja kuutumia yeye mara ya pili, kwa watoto ambao mimi nisingerudi kuwachukua.

Kabla hajaondoka Tomasi aliomba nimwonyeshe kazi yangu. Nilimpeleka kwenye kona ya kiwanja, bikoni niliyoisimika mwenyewe niliporudi. Aliinama, akaipiga kichwani kwa kiganja, si kwa nguvu.

Kisha akanyoosha mkono, akatafuta inayofuata. Aliiona palepale, kwenye kona ya jirani, chini ya ua wa michongoma. Mimi ndiye niliyeiweka pale. Nilisimama wima, mwenye diploma, mbele ya watu wa Nangara wote waliokuwa wanapita, na sikuona haya kwamba macho yangu yalikuwa yamelowa.

"Rudi juu, Mzee," Tomasi alisema.

Tulirudi ndani.